Hisabati Imekuingia Ukubwani: Mwongozo Kamili wa Kuamua Kama Uisomee Shahada

Ulichukua somo moja la takwimu kwa sababu lilikuwa la lazima. Au ulikuwa unaandika programu, ukakwama, ukaanza kusoma habari za matriksi ili ujinasue, na saa saba ya usiku ikakukuta bado unasoma ingawa programu ilishakubali zamani. Sasa uko mwaka wa pili wa fani nyingine, pengine wa tatu, pengine ulishahitimu na una kazi, na wazo limekuganda: nibadili, nisomee hisabati?

Mimi nilifika huko nikitokea uchumi, mwaka wa pili ukielekea ukingoni. Tangu hapo nimekaa na wanafunzi kadhaa wenye swali hilohilo, na karibu wote huanza kwa kuuliza mambo mawili: "Nimechelewa?" na "Nina kipaji?" La kwanza hujibiwa na kalenda, wala si na umri, na tutalifikia. La pili halina kipimo ninachokijua. Swali lenye faida ni jingine: hicho ulichokipenda, ndicho kinachofundishwa katika shahada ya hisabati? Mara nyingi sicho, au bado ni kipande kidogo tu, na hilo unaweza kulijua ndani ya mwezi mmoja kabla hujajaza fomu yoyote.

Umri: tuumalize kwanza

Hadithi zinazosimuliwa kuhusu wanahisabati ni za watoto wa ajabu. Évariste Galois alikufa mwaka 1832 akiwa na miaka 20, na kazi aliyoiacha ingali inafundishwa. Medali ya Fields, tuzo inayotajwa kuliko zote katika fani hii, hapewi aliyevuka miaka 40. Ukiyasikia hayo ukiwa na miaka 23 na kozi moja ya kalkulasi mkononi, unajiona mzee.

Lakini wapo wengine. Karl Weierstrass alipelekwa na baba yake Bonn, Ujerumani, kusomea sheria na fedha ili awe mtumishi wa serikali. Akakaa miaka minne akicheza upanga na kunywa bia, akaondoka mwaka 1838 bila shahada. Baadaye akawa mwalimu wa sekondari kwa miaka mingi, akifundisha hata mwandiko na mazoezi ya viungo, na hisabati yake akiifanya pembeni. Makala iliyomtoa gizani ilichapishwa mwaka 1854, akikaribia miaka 40. Fasili ya kikomo itakayokutoa jasho katika kozi ya analisisi (kalkulasi iliyojengwa upya kwa uthibitisho) kwa sehemu kubwa ni mchango wa huyo aliyechelewa. Joan Birman alipata shahada ya kwanza mwaka 1948, akafanya kazi viwandani, akalea watoto, akapata uzamivu mwaka 1968 akiwa na miaka 41, na akawa bingwa wa hisabati ya misuko (ndiyo, nyuzi zinazopishana kama nywele zinavyosukwa). June Huh aliacha shule akitaka kuwa mshairi, akasomea fizikia na elimu ya nyota, hisabati ikamnasa mwishoni mwa shahada ya kwanza alipohudhuria mihadhara ya mwanahisabati Heisuke Hironaka. Mwaka 2022 alipewa Medali ya Fields.

Hadithi hizi zisikudanganye upande wowote. Kwa kila Huh mmoja wapo wengi waliobadili fani, wakahitimu, wakapata kazi nzuri, na hakuna aliyewaandika. Wewe unatafuta kumaliza shahada vizuri na kuifurahia, na kwa hilo miaka 20 au 35 haileti tofauti kubwa. Kinachobana ni mpangilio wa kozi na mihula iliyobaki. Kawia ufike, wasema wahenga, ila chombo cha mwisho nacho kina saa yake ya kung'oa nanga.

Hatua ya 1: Tafuta ni nini hasa kilichokushika

Chukua karatasi. Andika mara tatu za karibuni ambapo hisabati ilikusahaulisha muda. Usiandike mada iliitwaje. Andika ulikuwa unafanya nini kwa mkono na kichwa.

Kama mara zote tatu ulikuwa unakokotoa, na raha ilikuwa pale jibu lilipolingana na la nyuma ya kitabu, mwaka wa kwanza utakupendeza. Baada ya hapo ukokotoaji unapungua kwa kasi, na kufikia mwaka wa tatu unaweza kupita wiki nzima bila kuandika namba kubwa kuliko 10. Watu wengi hushtuka hapo.

Kama ulikuwa unatumia hisabati kufanya jambo jingine, kama kukadiria mauzo, kufundisha kompyuta itambue picha au kuelewa mwendo wa chombo, basi pengine unachokipenda ni takwimu, sayansi ya kompyuta, fizikia au uhandisi. Fani hizo zina hisabati nzito, na si za wenye akili pungufu, hata kama wanahisabati wenyewe hupenda kujitapa hivyo.

Kama ulikuwa unatazama video za mafumbo ya ukomo na maumbo yasiyo na ndani wala nje, ni ishara njema lakini nyepesi. Kutazama mpira si kucheza. Na kama kilichokuvuta ni mwalimu mmoja hodari, jaribu kozi nyingine chini ya mwalimu wa kawaida, hata mchovu, uone kama moto unabaki.

Ishara ninayoiamini kuliko zote ni hasira fulani. Uliambiwa ukizidisha pande zote mbili kwa namba hasi, ishara ya "ndogo kuliko" inageuka, ukauliza kwa nini, ukajibiwa "ndiyo kanuni", na jibu hilo likakukera hadi ukaenda kutafuta mwenyewe. Mwenye kukerwa hivyo tayari anafanya kinachofanywa katika shahada hii.

Hatua ya 2: Jaribio la wiki nne

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako, maana hatua hii ndiyo inayoamua. Tenga saa sita hadi nane kwa wiki. Wiki ya kwanza kila kitu ni kipya na kitakupendeza. Wiki ya pili utachoka. Ya tatu na ya nne ndizo zitakazokuambia ukweli. Ndiyo maana jaribio la siku tatu halitoshi.

Kabla ya kuanza, elewa kwa nini wanahisabati wamezama kwenye uthibitisho. Chukua n² + n + 41. Ukiweka n = 0 unapata 41, namba tasa. Ukiweka 1 unapata 43, tasa. Ukiweka 2 unapata 47, tasa. Endelea hadi 39: mara 40 mfululizo, zote tasa. Mtu yeyote mwenye shughuli zake angetia sahihi hapo. Lakini n = 40 inatoa 1,681, yaani 41 mara 41. Au chora duara, weka nukta kwenye mzingo wake, unganisha kila nukta na kila nyingine kwa mistari iliyonyooka, kisha hesabu vipande ndani ya duara. Nukta moja, kipande 1, mbili, 2, tatu, 4, nne, 8, tano, 16. Nukta sita? Ukihakikisha mistari mitatu haikutani mahali pamoja, ni 31. Kila anayejifunza hisabati hubeba jeraha la namna hii mahali fulani. Linamfanya asiamini ruwaza hadi aone sababu.

Wiki ya kwanza, shughulika na fasili. Namba shufwa ni ile inayoandikika kama 2k, ambapo k ni namba nzima. Witiri ni 2k + 1. Kwa fasili hizo tu, thibitisha kwamba witiri mbili zikijumlishwa zinatoa shufwa, na witiri mbili zikizidishwa zinatoa witiri. Utaona ni jambo la kitoto. Sasa liandike kwa sentensi kamili, kila mstari ukitokana na uliotangulia. Kosa la karibu kila mtu ni kutumia k ileile kwa namba zote mbili; ukifanya hivyo umethibitisha habari ya namba moja iliyojumlishwa na nafsi yake. Kisha thibitisha kwamba jumla ya witiri n za mwanzo (1 + 3 + 5 na kuendelea) ni n². Tafuta njia mbili, mojawapo ya kuchora.

Wiki ya pili, jaribu kuthibitisha kwa kudhania kinyume chake. Thibitisha kwamba kipeuo cha pili cha 2 si namba wiano, yaani hakiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili. Utahitaji kwanza kuonyesha kwamba n² ikiwa shufwa, n nayo ni shufwa. Halafu thibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Hoja ya kale ni kuzidisha zote unazodhani zipo, kisha kuongeza 1. Tahadhari: watu wengi hudhani matokeo lazima yawe namba tasa. Hapana. Zidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, ongeza 1, unapata 30,031, ambayo ni 59 mara 509. Hoja haivunjiki, ila lazima useme sawasawa inadai nini. Ukikaa nayo nusu saa ukaona mpaka ulipo, umeonja kazi yenyewe.

Wiki ya tatu ni ya "kila" na "kuna". Linganisha sentensi hizi: "Kwa kila kufuli kuna ufunguo unaolifungua" na "Kuna ufunguo unaofungua kila kufuli." Maneno ni karibu yaleyale, mpangilio tu umebadilika, lakini ya kwanza inaeleza duka la kawaida la makufuli na ya pili inaeleza ndoto ya mwizi. Sehemu kubwa ya analisisi ni kutochanganya hizo mbili. Tunaposema 1/n inaelekea sifuri, tunadai kwamba kwa kila umbali mdogo utakaoutaja, kuna hatua N ambayo ukishaipita, kila 1/n iko karibu na sifuri kuliko umbali huo. Umbali hutajwa kwanza. N hufuata na inaruhusiwa kuutegemea. Geuza mpangilio, useme kuna N moja inayofaa kwa kila umbali, na ghafla unadai kwamba baada ya N namba zote ni sifuri kamili. Thibitisha dai sahihi, kisha thibitisha kwamba dai lililogeuzwa ni la uongo. Baadaye utakutana na mwendelezo wa kawaida wa fanksheni na mwendelezo sare, na utagundua tofauti yake ni ileile ya makufuli na funguo.

Wiki ya nne, chukua mafumbo mawili. La kwanza: ubao wa chesi una miraba 64. Kata miraba miwili ya pembe zinazotazamana kwa mshazari, ibaki 62. Je, vipande 31, kila kimoja cha ukubwa wa miraba miwili, vinaweza kuufunika wote? La pili: onyesha kwamba katika kundi lolote la watu sita, lazima wawepo watatu wanaojuana wote, au watatu ambao hakuna amjuaye mwenzake, kisha onyesha kwamba watano hawatoshi. Sitoi majibu hapa, na wewe usiyatafute intaneti wala usiiulize programu ya kompyuta kabla siku tatu hazijapita. Jaribio hili linapima unavyokaa na kitu usichokijua, na jibu la kuazima linaliharibu kabisa.

Sasa namna ya kujisahihisha. Andika uthibitisho, uache ulale. Kesho yake usome kama hasimu wako: kila sentensi iulize "kwa nini?" Palipo na neno "bila shaka", pakaze macho, maana ndipo mashimo hujificha. Andika upya. Wengi huhitaji nakala tatu.

Mwisho wa wiki nne usihesabu umetatua mangapi. Jiulize kama ulijikuta unafikiria watu sita wale ukiwa unaoga au unatembea bila kujilazimisha. Jiulize, ulipogundua kosa, uliona aibu ukataka kufunga daftari, au ulitaka kujua lilianzia wapi. Jiulize kama nakala ya tatu ilikupa raha ambayo ya kwanza haikukupa. Mtu aliyetatua mawili lakini akajibu ndiyo mara tatu, namwambia aendelee. Aliyetatua yote lakini akachukia kuandika, namwambia afikirie tena, kwa sababu atakuwa anaandika hivyo kwa miaka.

Hatua ya 3: Kagua msingi bila kujionea huruma

Anayekuja hisabati akiwa mtu mzima kwa kawaida ana mawazo makubwa na aljebra yenye kutu. Analisisi haikuangushi kwa ugumu wake peke yake. Inakuangusha pale mstari wa nne wa hoja nzuri unapoharibika kwa sababu uligawa sehemu vibaya.

Kaa saa mbili bila kikokotoo na mtihani wowote wa zamani wa hisabati ya mwisho wa sekondari. Angalia hasa makosa haya: kuandika (a + b)² kama a² + b²; kuandika 1/(a + b) kama 1/a + 1/b; kusahau kwamba kipeuo cha pili cha x² ni x bila ishara yake, wala si x daima; kuchanganya logi ya jumla na jumla ya logi; kugawa kwa kitu ambacho huenda ni sifuri. Kila kosa liandike kwenye daftari moja pamoja na sababu yake. Kwa wengi makosa hayazidi aina kumi na yanajirudia. Wiki sita za nusu saa kila siku huyasafisha. Mimi langu lilikuwa ishara za kutolingana, na lilinigharimu alama nyingi kuliko mada yoyote ngumu, jambo ambalo hadi leo linaniudhi.

Ikiwa ulipita kalkulasi kwa kukariri njia, irudie sasa kwa kuuliza maana. Tofautisho ni kikomo cha nini? Kwa nini kutafuta eneo chini ya mchirizo na kutafuta kasi ya mabadiliko ni safari mbili zinazopingana? Kama unaweza kumweleza mtu asiyejua, kwa mchoro, umeiva kwa kinachofuata.

Hatua ya 4: Hesabu mlolongo kutoka mwisho

Fani nyingi zinakuruhusu kuchukua kozi kwa mpangilio wowote unaokaribiana. Hisabati imepangwa kama ngazi: kukosa kidato kimoja ni kukaa chini mpaka kirudi. Kwa hiyo usianze kwa kuhesabu idadi ya kozi ulizobakiza. Anza na kozi ya mwisho kabisa na urudi nyuma.

Tuseme programu yako ni ya mihula minane. Umemaliza wa tatu na una Kalkulasi 1 tu. Shahada inadai Analisisi 2, ambayo inadai Analisisi 1, ambayo inadai Kalkulasi 2 na kozi ya uthibitisho. Kando yake kuna kalkulasi ya vigeu vingi, aljebra mstari, na aljebra dhahania, ile ya makundi na pete. Kwenye karatasi inaonekana rahisi: Kalkulasi 2 muhula wa nne, uthibitisho na aljebra mstari wa tano, Analisisi 1 wa sita, Analisisi 2 wa saba, wa nane unabaki wa akiba.

Kisha unaangalia ratiba na kukuta Analisisi 1 hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, katika muhula wa mwanzo wa kila mwaka. Hivyo huipati wa sita, unaipata wa saba. Analisisi 2 inakuwa ya nane. Akiba imekwisha, na ukianguka mara moja umejiongezea mwaka mzima. Njia ya kujiokoa ni kuomba kuchukua kozi ya uthibitisho pamoja na Kalkulasi 2 muhula wa nne, ili Analisisi 1 uikute wa tano. Idara nyingi hukubali ukionyesha umejiandaa, na daftari lako la wiki nne ni ushahidi mzuri kuliko maneno matamu.

Chora ramani hiyo kwa mishale kwenye karatasi moja. Kila kozi iandikie muhula inapofundishwa. Mshale mrefu kuliko yote ndio unaoamua tarehe yako ya kuhitimu. Usiweke Analisisi 1 na aljebra dhahania muhula mmoja kama hulazimiki. Wapo wanaoweza, lakini wewe bado unajifunza kuandika.

Hatua ya 5: Waone watu, na uende na maswali yenye meno

Kwa mshauri wa masomo, uliza: tarehe ya mwisho ya kubadili fani ni lini? Kozi zangu za zamani zipi zitahesabika? Ufadhili au mkopo wangu unalipia muhula wa ziada? Nikianguka Analisisi 1, nitairudia lini? Majibu yaombe kwa maandishi. Nilishawahi kuambiwa kwa mdomo kwamba kozi yangu moja "haitakuwa tatizo", na ikawa tatizo.

Kwa mhadhiri wa hisabati, usimwulize kama unaweza. Hakujui, atakuwa mpole tu. Mpelekee uthibitisho mmoja ulioandika, umwombe aonyeshe palipo dhaifu. Dakika kumi za kalamu yake nyekundu zitakufundisha zaidi ya saa nzima ya nasaha.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, uliza kozi ipi iliwapunguza darasani na kwa nini. Hao hawana sababu ya kukuremba.

Na nyumbani? Mzazi anayekulipia atataka kujua utakula nini. Nenda na ramani ya mishale mkononi na tarehe ya kuhitimu iliyo wazi. Inatuliza kuliko hotuba kuhusu uzuri wa namba.

Hatua ya 6: Kazi, kwa ufupi

Wahitimu wa hisabati huingia bima na ukokotoaji wa hatari, benki, uchambuzi wa data, uandishi wa programu, ualimu, na usalama wa mawasiliano. RSA, mfumo wa kuficha ujumbe wa mwaka 1977, uliobeba siri nyingi za intaneti, umesimama juu ya namba tasa zilezile za wiki yako ya pili. Lakini mwajiri hanunui nadharia ya makundi. Ongeza kozi mbili za uwezekano na takwimu na uandike programu kwa lugha moja hadi uizoee, Python inatosha. Bila hivyo utapata kazi ya kueleza shahada yako kabla ya kupata kazi yenyewe. Anayetaka ualimu aangalie mapema masharti ya cheti cha kufundisha anakoishi.

Anayetaka uzamili na uzamivu wa hisabati tupu (isiyolenga matumizi) afahamu kwamba idara zitatazama analisisi na aljebra dhahania kuliko wastani wa jumla, na zitataka barua za wahadhiri wanaomfahamu kwa kazi yake. Aliyechelewa ana muda mfupi wa kufahamika, kwa hiyo huyo asikae kiti cha nyuma.

Hatua ya 7: Fani kuu, fani ya pili, au kozi chache tu

Si lazima uvunje kila kitu. Ikiwa mshale wako mrefu unaingia kwenye mihula iliyobaki na jaribio lilikwenda vizuri, badili. Ikiwa unaingia kwa taabu na fani uliyo nayo unaipenda kiasi, baki nayo na uchukue hisabati kama fani ya pili. Mchanganyiko wa uchumi, fizikia, kompyuta au hata falsafa na hisabati una thamani yake. Ikiwa hauingii kabisa, chukua aljebra mstari, uwezekano na kozi ya uthibitisho, uhitimu kwa wakati, kisha uendelee.

Aliyekwisha hitimu fani nyingine mara nyingi hahitaji kurudia shahada nzima. Programu kadhaa za uzamili hupokea mtu kutoka nje akionyesha ana kalkulasi yote, aljebra mstari, Analisisi 1 na aljebra dhahania, na hizo unaweza kuzichukua mojamoja jioni au kwa masafa. Andikia programu unayoitaka kabla ya kulipia kozi yoyote, uulize watakubali kozi za nani.

Dalili zinazonifanya nimwambie mtu asibadili ni mbili. Anakimbia fani yake kuliko anavyoifuata hisabati. Au anaitaka kwa sababu inaonekana ya wenye akili. Wa kwanza apumzike muhula mmoja kwanza. Wa pili hutoka mwenyewe wiki ya tatu ya analisisi.

Hatua ya 8: Muhula wa kwanza baada ya kubadili

Kwa kila saa ya mhadhara panga saa tatu zako, na usishangae ukurasa mmoja ukikula saa nzima. Soma ukiwa na kalamu. Ukikuta nadharia, funika uthibitisho, jaribu mwenyewe kwa dakika 15, kisha funua. Jenga daftari la fasili na uzikariri neno kwa neno. Ndiyo, kariri: katika fani hii fasili ndiyo kifaa cha kazi, na asiyeikumbuka hana pa kuanzia. Kwa kila fasili andika mfano mmoja unaoitimiza na mmoja unaoikosa kidogo tu.

Tafuta wenzako wawili au watatu. Kila mmoja ajaribu maswali peke yake kwanza, kisha mkutane kuelezana ubaoni, na mwandike majibu kila mtu kwao. Kikundi kinachoanza kwa "nani amepata namba 3?" kinakula chakula cha mwenzie. Utakutana na vijana waliofanya mashindano ya hisabati tangu wadogo, wanaojibu kabla swali halijaisha. Wamezoea mbinu ambazo wewe bado; usipime muhula wako kwa kasi yao.

Jifunze LaTeX, programu ya kuandikia hisabati, mapema ili kazi zako zisomeke. Saa za kuonana na wahadhiri zitumie kuanzia wiki ya pili, ukienda na swali la aina hii: "Nimefika hapa, nikajaribu hili, nikakwama kwa sababu hii."

Alama ya jaribio la kwanza la analisisi huenda ikawa mbaya kuliko alama yoyote uliyowahi kupata. Kabla ya kuamua lolote, ligawe jaribio mafungu matatu: alama zilizopotea kwa aljebra, zilizopotea kwa kutojua fasili, na zilizopotea kwa kukosa wazo. Mafungu mawili ya kwanza yanarekebishika ndani ya mwezi. Likiwa la tatu ndilo kubwa, nenda kwa mhadhiri wiki hiyohiyo na karatasi yako, na uwe umeshaangalia tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye kozi bila alama kuandikwa.